Bila Taa

Ijumaa karakana imefungwa.
Nimeazima baiskeli ya Shafiqul,
ile niliyoiunga shingo kwa mkono wangu
ilipokatika kwa mzigo wa mitungi ya gesi.
Kovu lake nalijua hata gizani, kwa kidole.
Kengele haina ulimi. Breki ni ya nyuma tu.
"Usiende mbali," akanionya, "tairi la mbele lina siri."

Nikaenda mbali.

Ibra ya maduka ya simu naiacha mgongoni,
nainama chini ya lango la Manzafa
na lami inakoma kama mtu aliyekatizwa neno.

Vichochoro vya hapa vilipimwa kwa punda na shehena yake.
Usukani unapita, viwiko havipiti:
nimeondoka na udongo wa ukuta wa mtu, sijui nani,
kwenye mkono wa shati langu la Ijumaa.
Nyumba za ghorofa tatu, dari hazina.
Sebuleni umeota mkunazi.
Mbuzi kapanda ngazi mpaka ngazi inapoishia
ananitazama kama mwenye nyumba anayedai kodi.

Mimi mchomeleaji; kwanza natazama chuma.
Bawaba. Misumari ya vichwa vipana.
Komeo lililoshikwa na kutu
hata lenyewe limesahau
kama lilifunga au lilifungua.
Halafu ndipo natazama ubao,
na mnyororo huu uliochongwa kuzunguka fremu
niliuona Unguja, mtaa wa Malindi,
siku niliyotoka Wete kwenda kufuata pasipoti.

Wanasema nyumba hizi zilijengwa kwa karafuu.
Baba wa babu yangu alichuma karafuu za watu
akilipwa kwa pishi, na pishi ya tajiri
siku zote ilikuwa na tumbo kubwa.
Nimeshika breki moja, mguu chini, nahesabu:
pishi ngapi kizingiti hiki?
Pishi ngapi lile dirisha la juu
ambalo sasa linachungulia mbingu pande zote mbili?

Kwa utani tu, nikapiga ukelele mlangoni:
Hodi!

"Karibu!"

Nusura baiskeli inilalie.
Nyuma ya ukuta, mwanamke wa makamo ya mama yangu mkubwa,
anaokota kunazi katika ndoo ya mtindi.
Bi Ghaniya. Hakuniuliza jina, aliuliza,
"Taa ya baiskeli iko wapi?"
Kiswahili chake hakijawahi kuiona simu ya mkononi.
"Na kibao cha nambari je? Utakamatwa wewe."
"Bibi, saa nne asubuhi hii."
"Kaka yangu Mahfudh naye alisema bado mapema.
Akakamatwa Darajani, jua ndiyo kwanza linatua.
Faini shilingi kumi, hatuna. Baiskeli ikalala kituoni.
Wiki ile ile mambo yakageuka, tukapakiwa, tukaja.
Ikabaki huko."

Akanijazia kiganja kunazi.
"Nyeusi. Kiti kina mshono wa uzi mwekundu,
niliushona mimi. Ukirudi kwenu, pita kituoni, uniulizie."

Nilimtazama kama ananitania.
Alikuwa ameshainama tena kuokota.

Nilitaka na mimi kumuuliza langu, lile la pishi,
lakini mdomo ulikuwa umejaa kunazi,
na kunazi zilikuwa tamu,
na kokwa sikujua nizitemee wapi
katika nyumba ya watu.

Kwenye kona ya mfereji, siri ya tairi ikatoka
kwa mluzi mrefu, bila haraka.
Nikaikokota baiskeli hadi mjini,
kokwa saba mfukoni,
rimu ikigonga kila jiwe na kulitaja.

Shafiqul alikuwa amekaa kizingitini, ananingoja.
"Ulikuwa wapi mpaka saa hizi?"
Nikamwambia:
nilikamatwa.
Baiskeli yako haina taa.